Msimu wa Kwanza wa Haraka

4 Februari

Mpwa wangu Fundi,

Mzigo umefika? Kama umefika ukiwa unanuka na kubweka, ndio wenyewe. Dereva wa lori aliniahidi hatamfungia nyuma na magunia. Namwamini, maana nilimwambia nikisikia vinginevyo nitamfuata mpaka kwake.

Ulipoandika kuuliza kama mtu anaweza kuanza kuwinda ndege katika umri wako, sikujibu upesi kwa sababu nilikuwa bado nacheka. Marehemu mama yako, dada yangu, alikuwa akinifichia bunduki nikija kwenu, eti nitamharibia mtoto. Sasa mwenyewe ametangulia, na mtoto amekuwa mtu mzima mwenye karakana ya friji, anaomba kuharibiwa kwa hiari yake. Karibu.

Huyo ni mtoto wa jike langu, wa mwisho kubaki nyumbani. Jina lake Haraka. Mkaza mjomba wako alitaka aitwe Baraka. Nikamwambia mtazame kwanza anavyokula, kisha uniambie baraka iko wapi. Mama yake alikufa mwezi uliopita. Nyoka. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Sasa sikiliza. Bunduki usimwonyeshe kabisa kwanza. Akujue wewe. Ajue jina lake, ajue "kaa", ajue "njoo". Hiyo "njoo" ndiyo kubwa kuliko zote. Mbwa asiyekuja akiitwa si mbwa, ni upepo wenye miguu. Na usimwite kamwe ili umpige. Hata akiwa ametoka kula kuku wa jirani, akija kwako akute uso mzuri. Ukitaka kukasirika, kasirika na ukuta.

Akishakuwa mtii kidogo, tafuta bawa la ndege, lifunge kwenye uzi na fimbo, ulichezeshe kwenye majani. Utamwona siku moja anasimama ghafla, mguu mmoja juu, pua imenyooka, hata pumzi kama imekatika. Hakuna aliyemfundisha hilo. Ni la damu yake. Kazi yako ni kutolivuruga.

Mjomba wako,
Dereva wa Treni (mstaafu, si mchovu)


23 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mzigo umefika na umekwisha kula kiatu changu cha kushoto, waya wa friji ya mteja, na kipande cha sabuni ambacho kilimfanya atoe povu, majirani wakadhani ana kichaa. Mwenye nyumba alishuka ngazi akanyoosha kidole: "Huyo akikojoa tena kwenye mlango wangu, mtahama wote wawili." Haraka akamlamba kidole. Tumesamehewa mpaka hapo tutakapokosa tena.

Analala chini ya meza yangu ya kazi, juu ya gunia, kichwa kwenye boksi la spana. Tangu Mama afariki nilikuwa nafunga karakana nikikaa nasikiliza majokofu ya watu yakinguruma, kwa sababu kule ndani hapakuwa na sauti nyingine. Sasa kuna mtu anakoroma. Sikutegemea nitashukuru kukoromewa.

"Kaa" anaijua. "Njoo" anaijua akiwa hana jambo jingine. Bawa nimelipata kwa muuza kuku wa sokoni, ambaye sasa ananiita mganga.

Nina maswali mawili. La kwanza, nimzoezeje mlio wa bunduki? La pili si la mbwa. Huna jike tena. Watoto wote umegawa. Kwa nini huyu wa mwisho umenipa mimi, nawe umebaki mikono mitupu? Nitakuwa nimekunyang'anya?

Mpwa wako,
Fundi


17 Machi

Mpwa wangu,

Hujaninyang'anya. Nimekupa. Kuna tofauti.

Mlio: tafuta mtu agonge bati mbali sana, wakati Haraka anacheza na roho yake imefurahi. Akigeuza kichwa tu na kuendelea kucheza, vizuri. Siku nyingine mtu wako asogee kidogo. Akishtuka, rudini mbali. Usiwe na pupa. Mbwa akiogopa mlio mara moja, mwoga huyo unaweza kuishi naye mpaka azeeke. Nimeona mbwa wazuri wakiharibiwa asubuhi moja na mtu aliyetaka kujionyesha.

Nawe jifunze kulenga. Huko kwenu mna uwanja wa shabaha, nenda. Uombe na kibali mapema, ofisi hazina mbio. Na jambo moja ulishike kuliko jina lako: ndege akiruka chini chini, usipige. Acha aende. Piga aliye juu, mwenye mbingu nyuma yake. Usichokiona sawasawa si chako.

Msimu ukifunguliwa Julai nitakuja na bunduki yangu, tutatoka sote watatu. Usishangae mwandiko. Kalamu mbovu.

Mjomba wako


9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Amesimama!

Nilikuwa nimempeleka nyuma ya kiwanda cha matofali, kwenye nyasi ndefu, namkimbiza akimbie tu achoke. Ghafla akakatika. Mguu juu, mkia umenyooka, anatetemeka kidogo mdomoni kama mtu anayesoma kimoyomoyo. Nami nikasimama. Sijui tulisimama kwa muda gani. Kisha kwale wawili wakalipuka kutoka kwenye nyasi na makelele yao, nikapiga ukelele kama mtoto, na Haraka akanitazama kwa dharau.

Bati limegongwa, tena karibu, hajali. Mlinzi wa kiwanda ndiye anayenigongea, anasema hajawahi kuombwa kupiga kelele katika kazi yake yote. Kwenye uwanja wa shabaha nami si haba. Mwalimu wetu anasema bega langu ni zuri ila nafumba macho nikivuta. Nimempa Haraka nafasi ya kusikia milio kutoka nje ya ukuta, kisha ndani ya geti. Ananusa tu.

Kibali nimepata. Nakungoja Julai kwa hamu ambayo ni aibu kuiandika.

Ila Mjomba, badilisha hiyo kalamu. Mistari ya barua yako imepandana kama reli za stesheni kubwa. Sentensi moja ilinichukua chai nzima.

Fundi


20 Mei

Mwanangu Fundi,

Ni mimi, mkaza mjomba wako. Usishtuke, hakuna msiba.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Leo sichani. Si kalamu. Ni macho. Mjomba wako haoni. Si kwamba haoni kabisa: mbele anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, pembeni hakuna kitu. Anajigonga kwenye milango aliyoijenga mwenyewe. Barua zako ni mimi ninayemsomea. Amesema miwani imevunjika, nami nikakubali imevunjika, ingawa iko kwenye droo, nzima, naiona kila nikichukua sindano.

Na jike hakuumwa na nyoka.

Alirudi naye amembeba begani, akaniambia nyoka. Akaenda kuchimba. Kabla hajamaliza nilimfunua mbwa yule nimwoshe, maana nilimpenda pia, nikakuta alama za marisau, zile chembe za risasi ya ndege: vitundu vidogo vingi, shingoni na kifuani. Mimi nimekuwa nesi maisha yangu yote. Nyoka hana meno mengi namna hiyo. Nikamfunika tena. Alipoingia nikamtengea chakula, tukala.

Tangu siku ile sijamwuliza, naye hajaniambia. Nilidhani alipokupa Haraka ndiyo njia yake ya kusema ameacha. Lakini kila ukiandika anapata nguvu mpya. Anasafisha bunduki kwa kupapasa. Juzi amenunua soksi mpya nimfungie za safari. Anakuja kwako Julai, na anakuja kupiga.

Usimruhusu, mwanangu. Tafuta neno. Lakini usimwambie kama mimi ndiye niliyekwambia. Hatanisamehe kwamba nilijua nikanyamaza.

Unaweza kunijibu hapa hapa nyumbani. Barua zote zinapita mikononi mwangu, naye hawezi kujua ipi ni yake. Kuandika hivyo kumenichoma.

Mkaza mjomba wako


28 Mei

Mkaza mjomba, shikamoo.

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Nisamehe nikisema kwamba nimekasirika. Umenipa jiwe la moto, ukaniambia nisilidondoshe na nisipige kelele.

Wewe unaishi naye. Unalala naye chumba kimoja. Mimi ni mtoto kwake. Nitamwambiaje mtu aliyenifundisha kuvuka barabara kwamba haoni barabara?

Lakini nimekuelewa. Nitamwandikia asije. Nitatafuta sababu. Utakapomsomea, jitahidi sauti yako isitetemeke.

Fundi


10 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nina habari mbaya kidogo. Haraka amejikata mguu kwenye kioo nyuma ya kiwanda. Daktari wa mifugo anasema apumzike muda mrefu. Nami kazi zimenizidi, umeme huu wa kukatika-katika, kila mtu friji yake imekufa. Naona msimu huu tuuache. Mwakani Mungu akipenda tutaanza vizuri, sote tukiwa na nafasi.

Usijisumbue na safari. Nitakuja mimi kuwasalimu.

Fundi


18 Juni

MPWA

MKAZA MJOMBA WAKO ANASOMA VIZURI LAKINI HAJUI KUSOMA UWONGO. ALIKOHOA ALIPOFIKA KWENYE MGUU WA MBWA.

SIJUI NIMEKUKOSEA NINI. KAMA NI AIBU KUTOKA NA MZEE SEMA. KAMA MGUU KWELI UNAUMA NDIYO SABABU ZAIDI YA KUJA, NIUTAZAME.

NAFIKA TAREHE 30. USINIPOKEE KITUONI, NAJUA NJIA.

MJOMBA


6 Julai

Mwanangu,

Amerudi. Alishuka kwenye basi la mchana akaja kwa miguu, suruali imechanika gotini, mkono wa kulia una michubuko. Bunduki ameiegemeza nje ukutani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nimemwuliza mmewindaje. Akasema, "Muulize mpwa wako. Nyie si mnaandikiana."

Sasa nakuuliza. Mnaandikiana nini? Amejuaje? Hali chakula nikiwa mezani. Nikitoka ndipo nasikia kijiko.

Mkaza mjomba wako


11 Julai

Mkaza mjomba, shikamoo.

Nimeivunja ahadi niliyokupa. Naanza na hilo ili usilitafute katikati ya maneno.

Alifika na furaha. Aliponishika kichwa mlangoni nilisahau kila kitu. Akampapasa Haraka miguu yote minne, mmoja mmoja, akasema, "Amepona upesi." Basi. Hakuongeza. Nikachemsha chai nikiwa nimeinamisha uso.

Asubuhi tulitoka kwenda kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, ng'ambo ya kiwanda. Bunduki ni moja, yake. Nilikuwa nimepanga nitasema, "Mjomba, leo nifundishe, mimi nishike bunduki wewe ushike mbwa." Maneno nilikuwa nayo mdomoni tangu jikoni. Yeye akatangulia kusema: "Mimi kwanza. Wewe utazame, halafu zamu yako." Nikasema, "Sawa, Mjomba." Hivyo tu. Kuna heshima nyingine ni woga uliovaa nguo safi.

Haraka alifanya kazi kama amezaliwa na kitabu cha kazi hiyo. Alikwenda na upepo usoni, kushoto, kulia, kisha akasimama karibu na kichuguu. Mjomba akasimama pia, kwa sababu alisikia kengele tuliyomfunga Haraka shingoni imenyamaza.

"Amesimama wapi?" akaniuliza.

Nilidhani ananitahini. Nikasema, "Pale, kushoto kwa kichuguu."

"Namwona," akasema.

Mkaza mjomba, alikuwa anatazama kulia.

Kabla sijafungua mdomo kwale aliruka. Akaruka chini chini, na Haraka, mtoto bado, akashindwa kuvumilia, akamrukia nyuma. Mbele yetu palikuwa na kitu kimoja cha kahawia kinachokwenda, na bunduki ikaanza kukifuata. Nilimrukia Mjomba. Nilishika mtutu kwa mikono miwili nikausukuma juu. Risasi ikatoka juu ya vichwa vyetu, tukaanguka wote. Haraka alilia kama aliyepigwa, akakimbia bila kugeuka.

Mjomba alikaa chini akipapasa nyasi akitafuta kofia. "Umenisukuma," akasema. "Mtu ana bunduki mkononi, wewe unamsukuma. Nani kakufundisha?"

Nami nikasema: "Ungempiga, Mjomba! Ungempiga kama ulivyompiga mama yake!"

Akaacha kutafuta kofia. Kisha akasema, taratibu, "Kumbe alimfunua."

Hakuuliza nani kaniambia. Alijua.

Alisimama akachukua bunduki, akatoa risasi iliyobaki, akaitia mfukoni mwangu mimi. Akaanza kwenda barabarani. Nilimshika mkono akauvuta. Alianguka kwenye mtaro mmoja, nikakimbilia, akasema, "Usiniguse." Basi nikamfuata nyuma mpaka kituoni, kama mtu anayemfuata mgeni, nikiona anavyonyoosha mkono mbele yake gizani kwake na mchana kweupe kwangu.

Haraka nilimpata jioni chini ya lori la matofali. Nisamehe.

Fundi


24 Julai

Mwanangu,

Sina la kukusamehe. Mtu akimpa mtoto wake jiwe la moto asimlaumu kwa kulidondosha. Uliniambia hilo mapema, nikajifanya sisikii.

Nyumba yetu sasa ina wapangaji wawili. Yeye analala chumba cha wageni. Jumapili nilichoka, nikaenda nikasimama mlangoni.

Nikamwambia, "Utanichukia mpaka lini?"

Akasema, "Uliosha damu, ukaja ukanipakulia chakula."

"Nawe ulisema nyoka, ukala."

"Ulinitazama nikila!"

"Nilikuwa nangoja useme. Kila siku nangoja useme. Nani alitakiwa kusema kwanza, mimi au wewe?"

Akageukia ukuta. Baadaye akasema, kwa sauti ambayo nimeisikia mara moja tu, siku walipomwambia treni yake ya mwisho ni ile: "Kama ningesema, ingekuwa kweli."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakuniambia nitoke. Hakuniambia nibaki. Ndivyo tulivyo sasa. Kwenda hospitali ya macho amekataa. Bunduki bado iko nje ukutani, na mvua ikinyesha siiingizi wala yeye haiingizi.

Mkaza mjomba wako


15 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Najua unasomewa barua hii, kwa hiyo namsalimu na anayesoma.

Sikuandikii kukubembeleza. Nakuandikia kwa sababu nina mbwa mgonjwa na wewe ndiye pekee unayejua ugonjwa wake. Tangu siku ile Haraka si yule. Mlango ukijipiga anajikojolea. Nikidondosha spana anaingia nyuma ya friji anakwama, namtoa kwa kuvuta. Mlinzi wa kiwanda alifungua tu mwavuli, Haraka akakata kamba. Nikimwita "njoo" ananitazama kwanza mikono. Usiku akiota analia.

Watu wa uwanja wa shabaha wananishauri nimfunge karibu na milio mpaka azoee. Mwingine amesema mbwa wa hivyo hatengenezeki, nimpe mtu wa kulinda geti. Nilitaka kumpiga.

Msimu ungalipo, kwale wanaimba kila asubuhi nyuma ya kiwanda, na sitoki. Si kwamba naogopa kuwinda. Ni kwamba nilitaka kuwinda na huyu.

Nifanye nini? Kama hutaki kunijibu mimi, mjibu yeye.

Fundi


2 Septemba

Mpwa wangu,

Mwandiko ni wa mkaza mjomba wako, maneno ni yangu. Nimemwambia aandike kila ninachosema asipunguze. (Mimi mwandishi: ameniambia pia nisiongeze. Nitajitahidi.)

Wale wa kumfunga karibu na milio waambie wakafunge vichwa vyao. Ukifanya hivyo umempoteza. Msimu huu umekwisha kwenu, na huenda na mwingine. Bunduki isimkaribie. Usimhurumie kwa sauti ya kilio akiogopa, na usimkemee. Kaa chini, usimtazame, usimwite. Mwache aje wakati wake. Hata ikichukua mwaka. Mbwa anajua kuhesabu kitu kimoja tu: ni mara ngapi hakuumizwa.

Sasa la mama yake.

Zilikuwa siku za mwisho za msimu uliopita. Niliona kitu cha kahawia kikienda kwenye nyasi. Nikasema ndani yangu, huyo ni kwale anayekimbia. Nilikuwa nimeshajua macho yangu yanaibiwa, usifikiri sikujua. Nilijua. Nilikuwa najiambia bado kidogo, msimu mmoja bado. Nikavuta. Nikasikia sauti, nikajua si ndege.

Nikamwita. Sikumwona alipo, kwa hiyo nikamwita. "Njoo." Naye akaja. Amepigwa na mimi, akaja kwangu mimi kwa sababu nilimwita. Akafika miguuni, akakaa, kama nilivyomfundisha. Ndipo akalala.

(Nimeweka kalamu chini, nimeichukua tena.)

Hilo ndilo nililokuwa nalo siku nilipokufundisha ile "njoo". Nilikuandikia huku najua. Na bado nikaja kwako na bunduki, maana katika barua zako nilikuwa bado mtu anayejua. Nilitaka kuwa yule mtu wa kwenye barua, japo asubuhi moja. Kama usingenisukuma, ningemwua na mtoto. Labda na wewe.

Nilikasirika uliponisukuma, na nilikasirika na mkaza mjomba wako kwa kujua. Mtu anayekasirikia waliomshika asianguke, huyo amekosa pa kuipeleka hasira yake. Nimechoka kuibeba.

Hospitali tumekwenda. Ni presha ya macho. Daktari ni msichana mdogo, amesema kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa za matone. Nimemwambia aanze kulinda. Bunduki nimeirudisha kituo cha polisi mimi mwenyewe, pamoja na kibali. Yule askari akaniuliza sababu. Nikamwambia sioni. Ni mara ya kwanza kulisema kwa mtu. Akasema, "Pole, mzee, weka sahihi hapa." Nikamwambia, wapi?

(Nilikuwa naye. Tulicheka wote watatu, na askari. Naandika hili kwa idhini yangu mwenyewe.)

Kama utakubali, mlete Haraka huku kwa miezi kadhaa. Hapa hakuna kiwanda wala spana. Nina muda wa kukaa chini bila kumwita. Kama hutaki kuniachia mbwa tena, nitaelewa, na sitauliza.

Mjomba wako


20 Oktoba

Mwanangu Fundi,

Uliniomba nisikufiche kitu, kwa hiyo nakuandikia kama ilivyo.

Ulipotuachia Haraka ukaondoka, alikaa getini akitazama barabara. Mjomba wako alitoka akakaa kwenye kiti uani, mgongo amempa mbwa. Haraka alimjua kwa harufu, mwanangu, sina shaka. Kila akinyanyuka, Haraka anapiga mbio mpaka nyuma ya tangi la maji. Siku za kwanza hakula mpaka mjomba wako aingie ndani na mimi nifunge mlango. Mjomba wako aliniuliza, "Ananiogopa mimi, au anaogopa milio?" Sikumdanganya. Nikamwambia, "Wewe." Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiti chake.

Anakaa pale kila asubuhi baada ya dawa za macho. Hasemi naye. Anaongea na mimi nikichambua mchele, mambo ya treni, mambo ya mama yako alipokuwa mdogo, mradi sauti iwepo. Nami namjibu. Amerudi chumbani kwetu. Kuna siku tunakasirikiana upya kwa jambo lile lile, kisha tunachoka. Sijui kama hilo linakwisha. Labda linazeeka tu pamoja nasi.

Haraka bado hakaribii mkono wake. Mimi ananilalia miguuni. Ukiuliza kama atawinda, sijui, na mjomba wako anasema hajui.

Lakini jana, bakuli lilikuwa uani, katikati yao. Mjomba wako alitaka kuinuka, akajikwaa kwenye stuli asiyoiona, ikaanguka kwa kishindo. Haraka akaruka, akatimua. Nikataka kukimbilia, mjomba wako akanyoosha kiganja: nitulie. Akajishusha pole pole, akakaa pale pale chini, miguu imenyooka, uso ameuelekeza kwenye ukuta. Hakumwita. Tulikaa hivyo. Mchele wangu ukapata jua mpaka ukakauka.

Pua ikatokea nyuma ya tangi. Kisha masikio. Akaja hatua kwa hatua, akizunguka mbali, tumbo chini, akafika kwenye bakuli. Akamtazama mjomba wako mgongoni kwa muda mrefu. Akainamisha kichwa.

Mjomba wako hakugeuka. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Anakula?"

Nikamwambia, "Anakula."

Mkaza mjomba wako